Nilivyoipima Asali ya Mama wa Yanonge

Nichekeni, lakini msinimalize. Baada ya uhuru, Mbelgiji wa maabara yetu ya Kisangani alipanda boti asubuhi moja akaenda zake, nami muosha chupa nikawa mkuu. Asubuhi hiyohiyo mama mmoja wa Yanonge, mteja wa miaka wa huyo Mbelgiji, akaleta asali ya maua ya kahawa ipimwe, akiapa haina ua lingine.

Nikatia tone kwenye kile chombo cha kuchungulia asali, nikafumba jicho moja, nikaguna kama bosi. Ndani, giza tupu.

“Mama, asali yako iko chafu!” nikatangaza mbele ya foleni nzima. “Mwangaza inakataa kupita.”

Akanipokonya chombo, akachomoa kifuniko cha ngozi pale nilipobandika jicho.

“Bon, papa. Mundele, ule Mbelgiji wenu, alikuwa anatoa hii kwanza, kisha ndio anaguna.”