Harusi Iliyoingia kwa Redio

Mwaka 2017 nilikuwa mlinzi wa geti la maegesho kwenye jumba moja la maduka Fordsburg, Johannesburg, nikiwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio. Kazi ile niliiomba kwa magoti. Kabla yake nilisuka nywele Hillbrow mpaka vidole vikakakamaa, kwa hiyo nilipovaa yunifomu nilijiona waziri.

Supavaiza wetu, Mtanzania mwenye sauti ya kuamsha maiti, akatuletea redio koli mpya. "Chaneli mara mbili ya zile za zamani!" alijisifu. Za zamani zilikuwa nzito kama tofali, lakini zilisikia. Nikaipokea. Aliye kwenye majaribio habishani.

Jumamosi moja redio ikaniambia kwa Kiswahili safi, "Fungua geti, bibi harusi amefika!" Nikafungua. Joburg hii walinzi wengi ni sisi, Wakongo, Warundi, Watanzania, na redioni tunaongea Kiswahili. Ningejuaje kwamba huyo si mwenzangu? Yakaingia magari tisa, honi na vigelegele, mpaka katikati ya wauza viatu na mitandio. Kuyageuza pale, ee Mungu wangu! Bibi harusi akateremsha kioo, akaniuliza kwa upole ukumbi uko wapi. Nikamwonyesha ng'ambo ya barabara.

"Ulikuwa umelala!" supavaiza akanifokea. "Nimekuita mara tatu, hukujibu. Mbona mimi nasikia vizuri kila siku?" Akasema nikikosea mara moja tu tena, nirudishe yunifomu. Nililia chooni, kisha nikakasirika. Mimi, nilale kazini?

Nikaipeleka redio kwa fundi Mzanzibari mwenye kibanda humo humo ndani ya jumba. Aliisikiliza, akacheka.

"Mama, zamani chaneli zilipangwa kwa nafasi. Siku hizi wamezibana ili zienee nyingi. Si vibaya, ila zikibanwa, redio inataka sikio kali, lichukue ya kwake tu. Hii ni ya bei poa, inabeba na ya jirani. Jirani akiwa mbali, huna shida. Akiwa hapo ng'ambo kama ukumbi ule, anaingia bila hodi, na wa kwako humsikii."

"Na supavaiza mbona yeye hamsikii huyo jirani?"

"Ofisi yake iko chini huko nyuma, kuta zinamkinga. Mlete getini."

Jumamosi iliyofuata nikamwomba supavaiza asimame nami getini na redio yake mwenyewe. Akaja amenuna. Ukumbini walikuwa na harusi nyingine, na redio yake ikaanza kumwaga: rudisha nyuma ile nyeupe, kata kushoto, sufuria za biriani zimefika. Akaitikisa, akaipiga makofi, akaongeza sauti. Biriani ikazidi kuja.

Mara tukamwona mwenye jumba anakuja kwa miguu, jasho linamtoka, redio mkononi. "Nimekuita mara tano!" akampigia kelele supavaiza. "Umelala?"

Eish! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilitamani kucheka mpaka nikae chini. Lakini neno lile nilikuwa nimelilia wiki nzima, najua linavyouma. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwambia mwenye jumba, "Hakulala, bosi. Nilikuwa naye hapa. Sikiliza mwenyewe." Akasikiliza. Biriani zikamfikia na yeye.

Siku ile ile tukahamia chaneli nyingine, mbali na ya ukumbi. Jioni supavaiza akaja getini na moja ya zile redio nzito za zamani, akaniwekea mkononi. "Hii ikae kwako, mama," akasema, akaondoka. Samahani hakusema, wala habari za yunifomu hakuzirudia tena.

Alipofika ofisini kwake, redio ikaita. "Mama wa geti, unanisikia?"

Nilimsikia kama amesimama begani kwangu. Nikamwacha aite mara tatu, ndipo nikajibu.