Mwalimu wa Udereva Aliyerudi Darasani Kujifunza Opsheni

Saa moja kasoro robo asubuhi. Gari dogo jeupe linaruka kama chura, kisha linazima. Mwanafunzi, muuguzi wa makamo, amefumba macho.

"Fumbua, mama. Barabara iko huku nje," anasema mwalimu, mguu wake ukiwa juu ya breki ya pili, ile iliyofungwa upande wake.

Wanafunzi humwita Mwalimu Klachi. Amefundisha udereva miaka kumi na tisa, kwa gari la mwajiri. Ameweka akiba anunue gari kuukuu, ajitegemee. Lakini leo ndiyo siku ya mwisho ya kuamua kama akiba hiyo ilipie kozi.

Ni kozi ya opsheni. Unalipa kidogo upate haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei mliyokubaliana, kabla ya tarehe fulani. Bei isipoelekea unakotaka, ulicholipa kimekwenda na maji.

Hatua ya kwanza ilimlia mshahara wa mwezi mzima. Ya pili inataka wa miezi sita.

"Ile ya kwanza sijutii sana, ilinifungua macho," anasema. "Ila kusema kweli, nusu yake niliikuta baadaye mtandaoni, bure kabisa."

Alifanya mazoezi kwa pesa za kuigiza. Kati ya mara ishirini na tatu, alipata faida mara tisa. Jumla yake ilikuwa hasara.

Mkewe hakumzuia. Alimuuliza tu: "Baba watoto, huyo mkufunzi wako naye anaendesha, au anafundisha tu?"

Swali hilo limemkosesha raha. Muuguzi akishashuka, mwalimu anampigia mkufunzi simu, anaomba kuona hesabu zake mwenyewe za opsheni za mwaka uliopita.

"Hiyo siri ya biashara, kaka. Lipa kwanza, nafasi zimebaki mbili."

Anakata simu.

"Mwanafunzi wangu akikosea, tunagonga wote," anasema. "Huyu mkufunzi, mimi nikianguka, yeye keshakula ada. Silipi."

Mwandishi wa makala haya hafichi: alishusha pumzi.

Mwalimu Klachi ataendelea kujizoeza kwa pesa za kuigiza. Gari anatarajia kulinunua kabla mwaka haujaisha, na mwanafunzi wa kwanza keshapatikana: mkewe. Miaka yote hiyo mumewe amefundisha wake za watu, yeye hajawahi kushika usukani.

"Alikuwa ananiambia gari si letu," anasema mama huyo. "Safari hii atafute kisingizio kingine."