Ukoka wa Verlene na Pikapu ya Royce

Verlene Stubblefield aliwapikia watoto wa shule katika mji wao wa kaskazini mwa Texas mpaka akastaafu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwekea mtu kinyongo kikapita Jumapili. Jirani yake wa upande wa kaskazini, Royce Tackett, ndiye aliyemfundisha kuweka kinyongo, na mwanafunzi alifuzu.

Mumewe, Wendell, aliugua kiangazi kilipoanza. Verlene akawa anashinda na kukesha hospitalini, na ukoka wa mbele ya nyumba ukakauka. Kwenye mkutano wa wakazi Royce akasimama, suruali imenyooshwa pasi, akasema, "Kuna nyumba moja inatutia aibu mtaa mzima. Jina silitaji." Hakulitaja kweli, ila kidevu alikielekeza. Mpuuzi mmoja akampigia Wendell simu, akampa pole na habari hiyo kwa pamoja. Ukoka ule Wendell aliupanda kwa mikono yake. Siku anakata roho hakumuaga mkewe; alimuuliza, "Verl, umemwagilia?" Neno la mwisho la ndoa nzima, Royce akawa ameliiba. Siku ya mazishi akaja na bakuli la viazi vya mayonezi. Verlene akapokea, akashukuru, akampa mbwa.

Sasa Royce alikuwa na vitu viwili alivyovipenda kuliko watu. Cha kwanza ni kibao cha Uwanja wa Mwezi, ambacho kamati ya mtaa humpa kila mwezi mwenye ukoka mzuri kuliko wote, na kilikuwa kimekaa kwake mpaka kikazoea. Mila ya mtaa ni kwamba anayeshindwa hukiong'oa mwenyewe, akavuka nacho, akapiga magoti na kukipigilia kwa aliyemshinda. Cha pili ni pikapu nyeusi aliyoing'arisha kila Jumamosi. Verlene alivitaka vyote viwili: mtu apige magoti na gari liharibike. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini huyu hakuwa wa kuambiwa.

Kiangazi kilichofuata akaenda duka la vifaa vya umwagiliaji, kwa kuwa vile vya Wendell vilikuwa vimekwisha kuvunjika. Kaunta ilikuwa ya Eusebio Cantú.

"Upepo kwenu unatoka wapi, mama?"

"Kusini. Kwani hapa huwa unatoka wapi kwingine?"

"Na presha ya maji?"

"Ukifungua bomba, glasi inakuruka mkononi."

Eusebio akaweka kichwa kimoja cha kunyunyizia juu ya kaunta. "Basi chukua hivi. Vinazunguka taratibu na kurusha matone mazito, upepo hauyabebi. Ndani vina springi ya kubana presha. Vipange kila kimoja kirushe maji mpaka miguuni pa mwenzake, usiache pengo."

"Na vile kule?"

"Vya ukungu? Kwa presha yenu maji yatatoka kama moshi, mama. Nusu yatakwenda kwa jirani."

"Jirani wa kaskazini?"

"Upepo ukiwa wa kusini, ndiyo."

"Nipe hivyo vya ukungu."

Eusebio akamtazama. "Mama, unazinunulia nyasi au unamnunulia mtu?"

"Funga mzigo, mwanangu."

Basi kila asubuhi ya zamu yake ya kumwagilia, maana mji hugawa maji kwa zamu, ukungu ulipanda, ukavuka, ukaishukia pikapu ya Royce. Maji ya kule yana chokaa tele. Gari jeusi likaota madoa meupe, na Royce akawa anasugua kwa siki huku akilaani ndege, hewa na serikali. Nyuma ya pazia Verlene alicheka mpaka chai baridi ikampalia. Ukoka wake ulikuwa umeanza kuwa njano, naye aliuona. Alijiambia utapona.

Kamati ikapita. Kibao kikabaki kwa Royce, na Royce mwenyewe akaja mpaka kwenye uzio, kifua mbele.

"Bi Verlene, nikwambie siri? Mafundi wa intaneti walinikatia paipu ya mbele tangu Mei. Sijamwagilia hata tone. Na utazame ukoka wangu ulivyo! Mizizi ya kiume hiyo. Fundi nimemwambia asije, wa nini tena?"

Glasi ya chai ya Verlene ikasimama kabla ya kufika mdomoni. Kumbe ule ukungu wake ndio uliokuwa ukimnywesha. Ukoka wa Wendell ulikuwa unakufa kwa kiu, na wa adui yake umeshiba maji ya Verlene, tena kwa bidii yake mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Alitamani kulia, alitamani kumrushia ile glasi. Kisha likamjia wazo, na hasira yake ikatulia.

"Usimwite kabisa, Bwana Royce," akasema kwa sauti tamu. "Mafundi wenyewe unawajua. Atakuvurugia mizizi."

"Ndiyo maana nakupenda, Bi Verlene. Una akili."

Kesho yake alikuwa kwenye kaunta ya Eusebio. "Nipe vya nyasi," akasema. Eusebio akacheka kwa macho.

Verlene alichimba mwenyewe, magoti yakiuma, akavipanga vichwa kimoja kwa kimoja, maji ya hiki yakifika miguuni pa kile. Hakuna tone lililovuka uzio. Pikapu ya Royce ikang'aa tena. Hilo lilimuuma, lakini akalimeza. Agosti ikaingia na jua lake, na ile mizizi ya kiume ikalala chini. Royce alipokumbuka kumtafuta fundi, mafundi wote walikuwa na kazi za watu.

Kamati ilipopita tena, Royce alivuka na kibao kwapani, nyundo mkononi. Akapiga magoti kwenye ukoka wa Wendell.

"Hongera, Bi Verlene. Wangu sijui umepatwa na nini. Ulikuwa mzuri vile."

"Ulikuwa unakunywa kwangu, Bwana Royce. Sasa nimefunga."

Royce akainua macho, akautazama uzio, akaitazama pikapu yake. Taratibu uso ukamwiva.

"Bi Verlene, ina maana wewe..."

"Kuna nyumba moja inatutia aibu mtaa mzima," Verlene akasema. "Jina silitaji. Wendell aliyasikia hayo akiwa kitandani, na mpaka anakufa alikuwa akiuliza habari za nyasi."

Royce akakisimamisha kibao kwenye nyasi. Nyundo ilikuwa bado mkononi.

"Sogeza kushoto kidogo," Verlene akamwambia. "Hapo kuna paipu. Haya, pigilia."