Anakwenda au Anarudi

Nilipigiwa simu nikiwa nanunua nyanya: yule mpiga picha wa kwenye foleni ya malori hapa Tunduma amefariki, anazikwa kesho. Nilikwenda. Makaburini nikasoma jina kwenye msalaba mpya, nikajisemea, aah, nimepotea msiba. Nikageuka kutafuta msiba wangu. Miaka mingi nimekula naye viazi pale mpakani, na jina hilo sikuwahi kulisikia.

Msomaji, huenda hata wewe alikupiga picha. Alikuwa akimwomba mtu asiyemjua asimame, anampiga picha, kisha anainama kuokota chochote kilichokuwa miguuni pa mtu huyo: kifuniko cha soda, msumari, kibiriti kitupu. Akishasafisha picha, anakibandika kitu kile pembeni, chini anaandika mstari wa shairi kwa mkono, kisha anaitundika kambani kwa vibanio vya nguo. Jina hakuuliza. "Majina waachie uhamiaji," alikuwa akiniambia, "mimi nataka sura." Watu walimpenda kwa hilo, maana hapa mpakani ukimuuliza mtu jina anaanza kutazama njia ya kukimbilia. Nami, kwa kiherehere changu, nikamsifu katika safu hii hii ya gazeti.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Isongole, ameleta maharage kuuza. Akasimama mbele ya picha ya kijana mwenye shati la bluu. Pembeni palibandikwa kifungo chenye uzi mwekundu. "Uzi huu ni wangu," alisema. "Mweupe ulikuwa umeniishia." Kijana alikuwa mwanawe, aliyeaga kwenda kutafuta maisha Zambia na hakusikika tena. Mstari chini ya picha ulisema: Waendao, warudio, vumbi lao ni mamoja. Tulimsomea.

"Haya, baba," akasema kwa lafudhi yake ya Kindali. "Sasa hapa alikuwa anakwenda au anarudi?"

Mpiga picha aliikodolea macho picha yake mwenyewe. Lori, vumbi, ukuta. Hakukumbuka. Mimi nilikuwa nimeushangilia mstari ule. Tangu hapo mpiga picha akaanza kuuliza watu: jina nani, umetoka wapi, unaelekea wapi? Wakamkwepa. "Mzee, siku hizi umekuwa askari?" Picha zikapungua kambani, na mama akawa anarudi kila msimu wa maharage na swali lile lile. Mpiga picha aliniambia analisikia hata akiwa ananawa uso.

"Unakwenda wapi wewe? Ni hapa hapa." Sauti ilitoka nyuma yangu, pale makaburini. Alikuwa yule mama, ameketi kando ya kaburi, picha ya mwanawe ameifunga kwenye kitenge.

"Mama, jina la marehemu ulilijuaje?"

"Si nilimuuliza!" akasema, kana kwamba nimetaka kujua ugali unapikwaje. "Siku ile ile ya kwanza."

Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku. Ujinga ni huu wetu wa kutouliza, ambao mimi na marehemu tuliupamba tukauita heshima. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama. Nikatoa kalamu, nikamuuliza jina la mwanawe. Akalitaja polepole, mara mbili, akangoja nimalize kuandika. Kisha akaniuliza langu.