Pembe Haiiti Watu Kukaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mtangazaji wa gari la habari la wilaya, pale Same, nimevaa gauni lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo na koo nimeliandaa kwa chai ya tangawizi. Mtangazaji Mkuu, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Kajiru, akanionyesha kiti cha nyuma. "Wiki hii utasikiliza," akasema. "Asiyejua watu wanavyosikia hawezi kuwaita." Cheo chake kilikuwa kikubwa, lakini kitengo kizima kilikuwa yeye, dereva, na sasa mimi.

Ninyi mnaotuma tangazo kwenye kundi la simu kwa kidole kimoja, hebu niwaeleze. Juu ya gari palikuwa na spika mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Ndani palikuwa na amplifaya, yaani lile boksi linalokuza sauti, likinywa umeme wa betri kama ng'ombe aliyetoka tambarare. Maiki ukiisogeza karibu na spika inapiga mluzi wa kutoboa masikio, na mbwa wote wa mtaa wanakujibu. Maneno ya kwanza ya tangazo tuliyaita mwito. Mwito ukiwa mzuri, mtu anaacha jembe hewani. Ukiwa mbaya, anaendelea kulima na wewe unabaki unajisemea.

Chini, kandokando ya barabara kuu, adui ni upepo. Unapeleka gari upande unakotoka upepo ili ukubebee maneno. Mlimani adui ni mlima wenyewe. Sauti inavuka bonde, inagonga upande wa pili na kurudi. Kwa hiyo unasimama kwenye kona, unasema sentensi moja, unangoja irudi, ndipo unatoa nyingine. Siku ya kwanza niliyopewa maiki nilikuwa na haraka, sentensi zikapandana. Mzee Kajiru akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Binti, umewapikia makande ya maneno. Mahindi yako wapi na maharage yako wapi, hakuna anayejua."

Tulitangaza chanjo za watoto, josho la mifugo, maji yatakapokatika, na ziara za viongozi. Miaka ile ya mwanzo, ziara ndiyo tuliyoipenda zaidi. Tukisema fulani anakuja, maduka ya Same yalifungwa, na akina mama walishuka milimani tangu alfajiri, viatu mkononi, wakivivaa walipokaribia uwanja. Watu walikuja na maswali yao wameyashika moyoni, wakaamini yatajibiwa. Nilijiona mtu. Sauti yangu ilikuwa inakusanya umma!

Sijui ilianza lini kugeuka. Uchovu hauingii kwa kubisha hodi. Mzee Kajiru alipostaafu nikaazimwa wilaya jirani, kituo cha Lembeni, na huko ndiko nilikoanza kuuona. Siku ya soko nilikuwa natangaza, muuza vitunguu mmoja akaniita dirishani.

"Mama, huyo anayekuja ni mpya au ni yule yule?"

"Ni mwingine kabisa."

"Na maneno yake?"

Akanifungia vitunguu kwenye gazeti, akanipa pole ya kazi, akarudi kwa wateja wake.

Baadaye nikapelekwa Nyumba ya Mungu. Kule wanawake wanaokausha samaki kando ya bwawa hawakusumbuka hata kuuliza. Mmoja wao alinipungia mkono wenye magamba. "Dada, zima hilo dude lako, upumzike. Ukishuka njoo uchukue perege." Nilizima. Perege nilichukua. Mkutano wa siku ile ulijaa, ndiyo, lakini ulijaa watu waliosombwa na malori kutoka mashamba ya mkonge, vijana wa kutoka kila kona ya nchi, wamevalishwa fulana mpya. Walipiga makofi pale walipoonyeshwa. Mmoja alikuwa amelala amekaa, mikono yake tu ndiyo iliyokuwa macho.

Nami nilikuwa nimechoka, nisiwafiche. Kila ziara niliandikiwa niiite ya kihistoria. Nimetangaza historia nyingi hadi mwenyewe nikawa sizisikii. Nikifika nyumbani mume wangu akiwasha redio ya taarifa, nilikuwa nahamia jikoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Lilitokea niliporudishwa Same, huko Mrindoko, kijiji cha juu kabisa katika mzunguko wangu, na ndiko nilikozaliwa. Mrindoko wanaishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la kienyeji, ukuta wa udongo na mawe waliouanzisha mababu. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kabla ya mvua, tope linapaswa kuzolewa. Lisipozolewa, maji ya masika yanakosa nafasi, ukuta unapasuka, na matuta yote ya chini yanakwenda na mahindi yake. Kazi hiyo ni ya msaragambo, yaani kijiji kizima kinatoka kufanya kazi ya pamoja, na hakiitwi kwa spika. Kinaitwa kwa pembe ya tandala.

Pembe ile inapulizwa kwa kazi ya wote au kwa balaa, basi. Haipulizwi harusi, haipulizwi sikukuu. Ikilia, aliye na uji mdomoni anameza na kutoka. Haulizi. Kama angekuwa anauliza, ukuta ungekuwa umeshapasuka. Mlinzi wa ndiva wakati huo alikuwa Mzee Senzota, shemeji wa mama yangu. Kijiji kilipojenga ofisi, pembe ikaanza kutundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, pakavu.

Alikuwa anakuja Mheshimiwa mmoja kutoka makao makuu. Jina halitawasaidia. Nilitangaza kona zote, nikangoja kila sentensi irudi, na hakika zilizorudi zilikuwa ni zile sentensi tu. Siku ya mkutano uwanja wa shule ulikuwa na viti, turubai, meza yenye maua, na mbuzi wawili. Malori ya kusomba watu yasingeweza kupanda barabara ile.

Mratibu wa Ziara, bwana mmoja wa mjini mwenye viatu vyembamba, alikuwa akitembea huku na huku, simu sikioni. Mheshimiwa alikuwa ameshapita njia panda ya chini.

"Mama, hawa watu wako wako wapi?" akaniuliza.

"Wako majumbani, Bwana Mratibu. Wamenisikia."

"Wamekusikia halafu?"

"Halafu wamenisikia."

Akamgeukia Mtendaji wa Kijiji. Huyu alikuwa kijana mwema aliyetoka kanda ya ziwa, hana hata msimu mmoja Mrindoko. "Mnawaitaga na nini watu wenu wakigoma?" Kijana, akitaka kusaidia, akasema kuna pembe nyuma ya mlango, na kwamba ameambiwa ikilia hakuna anayebaki ndani.

"Si ungesema mapema!"

Nilipiga kelele. Nikamwambia Mratibu pembe hiyo si ya mikutano, ikipulizwa bure leo, kesho itakuwa kama spika yangu. Akanitazama kama mtu anayeelezwa mila za ndege. "Mama, pembe ni pembe." Mtendaji alikuwa ameshakimbilia ofisini, na kabla sijamfikia akawa ameshapuliza. Alipuliza vibaya, kwa kukoroma, lakini pembe haihitaji ufundi ili isikike.

Walitoka! Milango yote ya mlima ule ilifunguka. Walishuka kwenye vijia mbiombio, wanaume na majembe, wanawake na makarai kichwani, mchungaji wa usharika kakunja suruali, mabibi na mikongojo yao. Walifika uwanjani wakihema, wakaona viti, maua na turubai. Wakasimama.

"Ndiva imepasuka?" akauliza mama mmoja. "Wapi? Upande gani?"

Mratibu alikuwa anatabasamu, maskini, akihesabu umati. Akanisogelea na kunong'ona, "Safi sana. Waambie waweke majembe pembeni, wakae. Anaingia." Na kweli, magari yalikuwa yanakunja kona ya kanisa.

Nilikuwa nimesharudi garini, Mzee Senzota akaja hadi dirishani kwangu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeshika hiyo maiki. Tuambie. Kazi iko wapi?"

Niliogopa, nawaambia. Sikuogopa Mheshimiwa wala Mratibu. Niliogopa zile nyuso. Nilizijua vizuri, kwa sababu nilikwisha kuziona Lembeni na Nyumba ya Mungu. Ni uso wa mtu anayeanza kuelewa kwamba ameitwa bure, na akishaelewa mara moja hasahau. Ningesema "kaeni," wangekaa, kwa heshima. Na msimu ujao pembe ingelia, nao wangemaliza uji kwanza. Wangeulizana nani kaipuliza. Ukuta ungepasuka wakiwa bado wanaulizana.

Nikabonyeza maiki. Mwito wangu ulikuwa mfupi kuliko yote niliyowahi kutoa.

"Wana Mrindoko! Pembe imelia. Kazi iko kwenye ndiva. Twendeni tukazoe tope."

Tope lilikuwepo, hilo halikuwa uongo. Siku ya kulizoa haikuwa imefika, ila haikuwa mbali. Sentensi ilikwenda upande wa pili ikarudi, na iliporudi walikuwa wameshageuka. Mheshimiwa alishuka kwenye gari akakuta migongo yao inapanda mlima. Walinzi wake, walipoona majembe yote yale, walitaka kumrudisha garini. Akawauliza wanakwenda wapi hawa. Nikamjibu mimi: "Wanakwenda kazini, Mheshimiwa."

Nimpe haki yake, alifuata kwa miguu. Alifika ndiva viatu vimekwisha, akapanda kwenye jiwe, akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kuanza hotuba. Watu hawakuinua vichwa. Akamgeukia Mzee Senzota. "Mzee wangu, nitapata nafasi ya kuwasalimia?"

"Tumekusikia, baba, hata kabla hujasema," Mzee Senzota akamjibu kwa upole kabisa. "Leo kaa kwenye mstari, upokee karai."

Watu wakaangua kicheko, hata yeye mwenyewe. Akasimama kwenye mstari, akapokea makarai ya tope na kuyapitisha, akapigwa picha, akapewa ndizi mbivu, akaondoka. Sisemi aligeuka mtu mwingine. Nilimsikia baadaye redioni akitaja uchapakazi wa wananchi kana kwamba ameugundua yeye. Lakini siku ile hakuhutubia, na mlima mzima ulishusha pumzi. Mama mmoja alinipita na karai tupu, akaniambia, "Ndio mkutano wa kwanza nimetoka sijaumwa kichwa."

Mratibu hakucheka. "Mama, umenimaliza," akaniambia, na akaandika malalamiko kwa mkuu wangu. Nikashuka Same nikiwa na hakika kwamba kazi imeisha, nimeshafikiria hata nitauza nini sokoni. Afisa Habari wa Wilaya alikuwa mtu wa maneno machache. Alinikalisha, akasoma malalamiko yote, akavua miwani.

"Umekitoa kijiji kizima kwenye mkutano kwa gari la serikali?"

"Ndiyo, mkuu."

"Tangu nimekaa kwenye kiti hiki," akasema, "hii ni mara ya kwanza gari letu limesema jambo na watu wakalifanya saa hiyo hiyo. Nenda ukapumzike." Ndiyo ikawa mwisho wa kesi yangu. Nilitoka ofisini kwake, nikanunua soda, nikainywea pale pale kwenye kivuli cha ukuta wa halmashauri, nikacheka peke yangu. Mtendaji naye hakufukuzwa. Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Senzota na kumwomba radhi, akafundishwa kupuliza.

Nimeshastaafu. Naishi Mrindoko, nina ng'ombe mmoja na kahawa kidogo. Vijana wananiuliza kama sijutii kuutumia umri wangu kuwaita watu waliokuwa hawataki kuja. Najuta kidogo, hasa zile historia. Lakini nasikia watu wa mijini wakisema kwamba wananchi wamekata tamaa na nchi yao, na hapo nabisha. Mimi niliwaona wakishuka na majembe. Wamechoka kuitwa ili wakae, basi. Na sijui kama ni jambo la kulaumiwa.

Msimu uliopita magari ya matangazo yalipanda tena, siku hizi yana muziki. Nilifunga dirisha, nikaendelea kuchambua maharage, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu sauti ile haikuwa yangu.

Kisha asubuhi moja pembe ikalia. Kwa umri wangu nimesamehewa msaragambo, lakini niliweka kikombe chini nikatoka mlangoni. Nilitaka kuona. Milango ikafunguka juu na chini. Jirani yangu alipita akifunga kanga kiunoni, karai mkononi, bado anatafuna. Nikamtegea sikio, yeye na waliomfuata, nikisubiri swali moja tu.

Hakuna aliyeuliza nani kaipuliza. Nikarudi ndani kuchukua jembe langu.