Fundi Haulizi Chuma Kinakwenda Wapi

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na kanuni yake ya kazi ni moja: fundi huuliza vipimo, haulizi chuma kinakwenda wapi. Mtu akiagiza geti, apewe geti. Kama ni la kumfungia mkewe ndani, hayo ni yao. Kanuni hiyo nilikuwa naicheka. Sasa siicheki tena.

Tulimzika mtoto wetu wa pekee, binti, kabla hajaanza shule. Mimi nililia, nikapayuka, nikagombana na kila aliyekuja kuniambia kazi ya Mungu haina makosa. Mwenzangu alinyamaza tu. Usingizi ukampaa, chakula akawa anakiangalia. Nilijua nitamzika na yeye.

Kilichomrudisha ni paa. Nyumba yetu ina paa la zege, bapa, lenye tangi la maji. Jioni moja alipanda kuangalia tangi linalovuja, akachelewa, nikamfuata roho mkononi. Nikamkuta amelala chali. Kile kitambaa cha maji anachojifunika machoni kila akitoka kazini, maana moto wa kuchomelea humwachia macho kama yana mchanga, amekiweka kando.

"Hebu njoo uone," akasema. "Zimejaa hivi, na hakuna hata moja inayonipa pole."

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo tangu mazishi. Nikajilaza. Mwanzoni sikuona cha ajabu, nyota ni nyota. Lakini pumzi yake ilikuwa imetulia, na yangu ikaifuata. Tangu hapo kila jioni yuko juu. Mtaani wakamwita Mnajimu. "Mnajimu, kesho nifue au nisifue?" Naye anacheka. Anacheka jamani, mtu yule yule.

Kisha kamati ya mtaa ikamwagiza mlingoti mrefu wa taa, kwa sababu ya wezi. Akauliza urefu, unene wa bomba, uzito wa taa. Basi. Kazi ile aliifanya kwa moyo wote. Kiungo akikitilia shaka, anakisaga na kukichomelea upya. Mimi nikadhani ni wa sokoni. Yeye hakudhani kitu.

Wakaja kuusimika nyuma ya ukuta wetu. Walipowasha taa, uani kwangu pakawa peupe hata ningeweza kuchambua mchele. Juu hakukubaki kitu, weupe mtupu. Mume wangu alipanda, akakaa kidogo, akashuka.

Mwenyekiti wa kamati akaja na watu wake kushukuru. "Fundi, umetutoa gizani." Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, mume wangu akanigusa mkono.

"Ahsanteni," akawaambia.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini walimsema mwenye hila. Wangu ana hila gani? Wako mafundi hapa mtaani wanaolipua kazi, geti linaanguka rangi haijakauka. Laiti na yeye angeilipua hii moja.

Siku hizi jioni anakaa chumbani, pazia limefungwa, kitambaa machoni. Amerudi kunyamaza. Chakula anakiangalia. Jana uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza mlingoti ule utadumu muda gani.

"Ule?" akasema, bila kuondoa kitambaa. "Ule utatuzika sote."