Tajiri Aliyefunga Njia

Habari za kifo cha tajiri wetu wa Kamembe zilinikuta kwa kinyozi, na kinyozi akazima redio kwa heshima. Nilimfahamu marehemu tangu alipokuwa akibeba magunia ya mchele kwenye kituo cha mpakani cha Rusizi ya Kwanza. Siku hizo tulimwita kwa jina lake tu. Alipofungua duka la saruji akawa "mutajiri". Malori yake yalipoanza kuvuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, akawa "patron", yaani bosi, na vijana wakaongeza "bilionea", ingawa hakuna aliyejua ana nini hasa. Kadiri majina yalivyokua, ndivyo tulivyozidi kumwogopa.

Miaka kadhaa iliyopita alinunua mteremko ulio juu ya mtaa wetu, akauzungushia ukuta, na njia ya kwenda zahanati ikabaki ndani. Tukawa tunazunguka bondeni. Msimu wa mvua, jirani yangu seremala na ndugu zake walimbeba mkewe mwenye uchungu kwa machela kupitia huko, kwenye tope. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia. Baada ya maziko tulimsindikiza seremala hadi kwa tajiri. Njia nzima alifoka kwa hasira. Lango lilipofunguliwa, akavua kofia.

"Patron, mutoto alikufa. Utufungulie hata kamulango kadogo."

"Pole sana, papa. Lakini hii parcelle nilinunua. Njia ya chini haiko?"

"Iko, patron. Aksanti."

Tukarudi nyumbani bila kutazamana.

Juzi mazikoni wasemaji walipokezana: mfadhili, mzazi wetu, nguzo ya wilaya ya Rusizi. Seremala naye akasimama, akasema, "Alikuwa papa wetu sisi bote." Mkewe, aliyekuwa mkekani na wanawake wenzake, akasema bila kupaza sauti, "Huyu ni mwenye alifunga njia. Mutoto wangu angekuwa anasoma sasa." Wenzake wakamnyamazisha, eti marehemu hasemwi vibaya. Akanyanyuka, akaondoka peke yake, na mumewe hakumfuata.

Mungu amrehemu marehemu. Lakini tusijidanganye kwamba alitutendea ubaya peke yake. Tulimsaidia kwa kila jina la sifa tulilompa ili tusimwambie ukweli. Mwenye mali akidhuru watu, aambiwe angali hai, langoni kwake, na sisi tuliomsindikiza mwenye msiba tusimame naye hadi mwisho wa maneno.